Kila utafiti uulizwe swali lake

Mhariri,

Safu zenu za afya na elimu zimeshika mtindo wa kufungua habari kwa maneno "utafiti umebaini" au "wataalamu wamethibitisha", kisha habari inaendelea kana kwamba utafiti ni kitu cha namna moja. Msomaji haambiwi kama hao waliobaini waliwapa wagonjwa dawa, waliwahoji watu kwa simu, walisoma barua za miaka 300 iliyopita, au walikaa na kalamu wakathibitisha kanuni ya hisabati. Hizo ni kazi tofauti kabisa. Kila moja ina njia yake ya kuufikia ukweli na, jambo ambalo magazeti hulisahau zaidi, ina njia yake ya kupotea. Swali linalofichua udhaifu wa jaribio la dawa halifichui chochote katika kazi ya mwanahistoria, na mwanahistoria akiulizwa swali la daktari ataonekana mzembe bila kosa. Tunaomba mtaje aina ya utafiti kila mnapouripoti, na mumuulize mtafiti swali la fani yake.

Tuanze na tiba, kwa kuwa ndiyo inayojaza kurasa zenu. Jaribio la dawa lililofanywa vizuri huanza kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Watafiti huandika mpango, wakataja tokeo kuu watakalolipima (vifo baada ya miezi 6, kwa mfano), wakakokotoa idadi ya wagonjwa inayohitajika, kisha wakausajili mpango huo mahali ambapo yeyote anaweza kuusoma. Baada ya hapo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja lipate dawa na jingine lipate tiba ya kawaida au kidonge kisicho na dawa. Inapowezekana, mgonjwa na anayempima wote hawajui nani kapewa nini.

Mfano ambao wanafunzi wa tiba hufundishwa hadi leo ni jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa walikuwa 107: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko peke yake. Kundi la kila mgonjwa liliandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha haikufunguliwa mpaka mgonjwa awe amekwisha kukubaliwa kuingia. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Bahasha ile ndiyo iliyoufanya ushahidi huo uaminike. Daktari akijua kwamba mgonjwa anayefuata ataangukia kundi la dawa, hata bila nia mbaya atampeleka huko yule anayemwona ana nafuu au ana matumaini zaidi, na makundi mawili yatakuwa yamekwisha kutofautiana kabla ya sindano ya kwanza. Tofauti ya mwisho haitatuambia tena kama ilitokana na dawa au na uteuzi.

Majaribio huharibika pia mwishoni. Wagonjwa wanaoacha dawa kwa sababu inawadhuru wakiondolewa kwenye hesabu, wanaobaki ni waliovumilia, na dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Ndiyo maana kila aliyegawiwa kundi huhesabiwa katika kundi hilohilo, awe alimeza dawa au hakumeza. Kuna pia ujanja wa kubadili tokeo kuu baada ya kuona data. Desturi ya fani nyingi ni kulikubali tokeo ikiwa uwezekano wa kulipata kwa bahati tupu, pale dawa inapokuwa haifanyi kazi, ni chini ya 5 kwa 100. Sasa mtu akipima matokeo 20 yasiyotegemeana ya dawa isiyofanya kazi, ana uwezekano wa asilimia 64 wa kupata angalau moja "lililofaulu". Akichapisha hilo moja na kunyamazia 19, gazeti litaandika kwamba dawa imethibitishwa. Kwa sababu hiyo, tangu 2005 majarida makubwa ya tiba hukataa jaribio ambalo halikusajiliwa mapema.

Kosa ambalo ni la magazeti yenyewe ni asilimia zisizo na msingi. "Dawa yapunguza hatari kwa nusu" inaweza kumaanisha kushuka kutoka watu 200 kati ya 1,000 hadi 100, au kutoka 2 hadi 1. Habari ya kwanza inastahili ukurasa wa mbele. Ya pili huenda isistahili hata kumshawishi mtu ameze kidonge chenye madhara. Chapeni namba zote mbili, na msomaji ataamua mwenyewe.

Saikolojia nayo ilipitia tanuri lake. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka katika majarida ya heshima. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yaliyovuka kizingiti cha takwimu. Ziliporudiwa, zilizovuka zilikuwa asilimia 36. Ni makosa kulisoma hilo kama ushahidi kwamba wanasaikolojia ni waongo. Sampuli nyingi zilikuwa ndogo, na majarida hupenda matokeo ya kusisimua, hivyo yaliyofikia uchapishaji yalikuwa tayari yamechujwa na bahati. Habari ya saikolojia ikifika mezani kwenu, ulizeni kwanza: kuna watu wengine walioirudia?

Fizikia ya chembe ina kizingiti kikali zaidi, na kwa sababu nzuri: mashine zake hutafuta ishara mahali pengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima mahali fulani bahati itacheza. Chembe ya Higgs ilipotangazwa huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, mwezi Julai 2012, kizingiti kilikuwa sigma 5, yaani uwezekano wa takriban 1 kati ya milioni 3.5 kwamba bahati peke yake ingetoa ishara kubwa kiasi kile, na timu mbili zenye vyombo tofauti zilikuwa zimeiona. Hata hivyo mwaka uliotangulia, watafiti wengine waliopima chembe za nyutrino zilizosafiri kilomita 730 hivi kutoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, walikuta zimefika mapema kuliko mwanga kwa takriban nanosekunde 60. Hesabu yao ilivuka sigma 5. Chanzo kikuu kilikuja kujulikana: waya mmoja wa nyuzi za kioo ulikuwa haukukazwa vizuri kwenye mfumo wa saa. Chombo kikiwa na kasoro, kila kipimo hurudia kasoro ileile kwa uaminifu, na vipimo 10,000 huipa tu sura ya uhakika. Mwanafizikia basi asiulizwe amepima mara ngapi. Aulizwe kama kuna waliopima kwa chombo kingine.

Kwenye kura za maoni kosa huwa jingine. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya mdororo ambapo maskini hawakuwa na simu wala gari, na waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. Sampuli nasibu ya watu 1,000 hubeba ukingo wa makosa wa takriban asilimia 3 juu au chini. Ukitaka kuupunguza kwa nusu, unahitaji watu 4,000. Lakini hesabu hiyo ni halali pale tu kila mtu alipokuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. "Maoni ya wasomaji 50,000 waliobofya" hayana ukingo wa makosa kabisa, na kuyaandikia asilimia ni kuyavisha nguo isiyo yao.

Wachumi mara nyingi hawakusanyi data. Huichukua kwenye takwimu za serikali na kuichakata. Hatari yao inakaa ndani ya jedwali. Mwaka 2010 wachumi wawili wa Marekani walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa hudorora, kwa wastani wa ukuaji wa asilimia -0.1. Mwaka 2013 watafiti wengine, mmoja wao akiwa mwanafunzi wa uzamivu, walilipata jedwali lenyewe na kukuta fomula ya wastani imesimama kwenye mstari wa 44 badala ya 49. Nchi 5 zilikuwa zimeachwa nje. Walipolirekebisha kosa hilo, pamoja na namna ya kuchagua miaka na kuzipa nchi uzito, wastani ukawa asilimia 2.2. Wenye makala walilikiri kosa la jedwali, ingawa walitetea hoja yao kwa jumla. Swali kwa mchumi ni hili: data na hesabu zako ziko wazi kwa mtu mwingine kuzirudia?

Sasa tuje kwenye fani ambazo magazeti huzipa nafasi finyu, kisha huzitazama kwa jicho la maabara.

Mwanahistoria hawezi kuirudia vita ili aone kama matokeo yatakuwa yaleyale. Kazi yake ni kuuhoji ushahidi uliobaki. Nani aliandika hati hii, lini, kwa nani, alitaka nini? Alikuwepo au alisimuliwa? Iliyopo ni hati yenyewe au nakala ya nakala? Mwaka 1440 msomi wa Italia, Lorenzo Valla, alitumia maswali ya aina hiyo dhidi ya hati iliyodai kwamba Mfalme Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Valla alionyesha kwamba Kilatini chake hakikuwa cha karne hiyo, kwamba iliwataja maliwali wa aina ya Uajemi mahali ambapo Warumi hawakuwa nao, na kwamba iliizungumzia Konstantinopoli kana kwamba ni kiti kikuu cha Kanisa wakati mji huo ulikuwa haujaanzishwa. Hakuhitaji maabara. Alihitaji kuijua lugha, mwaka kwa mwaka.

Pale mbinu hiyo inapopotea, hupotea kwa namna ya kufundisha. Mwaka 1983 jarida la Ujerumani, Stern, lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler. Wataalamu wa miandiko walizilinganisha na maandishi mengine wakasema mwandiko ni mmoja. Ulikuwa mmoja kweli: baadhi ya maandishi waliyopewa ya kulinganishia yalikuwa yameghushiwa na mtu yuleyule aliyeghushi shajara. Kemia ndiyo iliyomaliza ubishi, kwani karatasi ilikuwa na kemikali ya kung'arisha ambayo haikutumika mpaka baada ya vita. Kila ulinganisho una uzito wa kile kinacholinganishiwa, na mwandishi wa habari anayesikia "wataalamu wamethibitisha mwandiko" aulize mara moja: mmelinganisha na nini, nacho kilitoka wapi?

Mapokeo simulizi yana taratibu zake pia, na inauma kuona yanavyodhaniwa ni hadithi za kujazia ukurasa. Anayeyatafiti kwa makini hurekodi masimulizi neno kwa neno katika lugha ya msimulizi, kisha huyatafuta masimulizi hayohayo kwa koo nyingine, hasa zile ambazo hazifaidiki nayo. Anaulizia nani ana haki ya kuyasimulia na mbele ya nani, kwa sababu ukoo unaotawala una sababu ya kuwa na babu mmoja asiye na doa. Nasaba hujikunja: mwanzilishi hukumbukwa, vizazi vitatu au vinne vya karibuni hukumbukwa, na vya katikati huanguka. Kwa hiyo hesabu ya kuzidisha majina kwa miaka 25 au 30 ili kupata tarehe hutoa mwaka wa karibu mno. Mtafiti huitafutia nanga nje ya simulizi, kama kupatwa kwa jua ambako tarehe yake inaweza kukokotolewa, au makaa yaliyochimbwa na kupimwa kwa kaboni. Na kaboni nayo ina masharti: nusu-uhai wake (muda ambao nusu ya kaboni yenye mnururisho huoza) ni miaka 5,730, haifai kwa vitu vilivyopita miaka 50,000 hivi, na makombe ya baharini huonekana ya kale kuliko yalivyo kwa miaka takriban 400, kwa kuwa bahari huhifadhi kaboni ya zamani.

Mwanaanthropolojia anayekaa na jamii kwa miezi 12 au zaidi, ili aone misimu yote, ataulizwa na mhariri wa habari: "Ulihoji watu wangapi?" Jibu la watu 40 linamfanya aonekane hana kitu. Yeye lakini hatafuti asilimia. Anatafuta jinsi mambo yanavyofanyika, hasa pale wanachosema watu kinapotofautiana na wanachotenda, na dodoso la watu 4,000 haliwezi kuiona tofauti hiyo kwa sababu linakusanya maneno matupu. Mwulizeni alikaa muda gani, alizungumza kwa lugha gani, nani alimkaribisha, na akina nani hawakutaka kuzungumza naye. Usaili wa saa 1, kuunukuu kwa maandishi tu huchukua saa 4 hadi 6, na zaidi kama wazungumzaji ni wengi. Anayedai alifanya usaili 200 wa kina peke yake kwa mwezi mmoja anahitaji kueleza.

Wahariri wa matini za kale wana kanuni moja ambayo tunatamani ijulikane zaidi. Utenzi ukiwa umebaki katika nakala 10, mtafiti huzilinganisha mstari kwa mstari akitafuta makosa yanayofanana. Nakala mbili zikikubaliana katika neno sahihi, hilo halithibitishi chochote, kwani zote zinaweza kuwa zimelihifadhi neno la asili. Zikikubaliana katika kosa, na hasa kosa la ajabu, basi huenda zina mzazi mmoja. Kosa la kawaida ni jicho la mnakili kuruka: mistari miwili inaishia kwa neno moja, mnakili anainua macho, anarudi kwenye neno la chini badala ya la juu, na mstari ulio katikati unapotea. Nakala zinazokosa mstari huo huenda ni za tawi moja la ukoo. Mwanajenetiki anayefuatilia kuenea kwa virusi hufanya jambo lilelile kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyorithiwa pamoja, na programu zilizotungwa kwa ajili ya biolojia zimetumika kuchora koo za miswada. Umbali kati ya "sayansi" na "sanaa" katika kurasa zenu ni mkubwa kuliko ulivyo kazini.

Hisabati inatosha kwa mfano mmoja. Mwanahisabati Andrew Wiles alitangaza uthibitisho wa dhana ya Fermat, fumbo la hisabati la karne ya 17, mwezi Juni 1993. Wapitiaji wakakuta pengo, naye akaliziba mwaka 1994 akisaidiana na Richard Taylor, na kazi ikachapishwa 1995. Tangazo la mkutanoni halikuwa uthibitisho bado. Swali ni moja tu: wataalamu wa tawi hilo wamekwisha kuusoma wote?

Kuna jambo la pili linalotusukuma kuandika, nalo ni orodha za "watafiti bora" mnazozichapa kwa kuhesabu makala na mara zinavyonukuliwa. Kiwango cha athari cha jarida hupatikana kwa kuchukua idadi ya mara makala zake za miaka miwili iliyopita zilivyonukuliwa mwaka huu, na kuigawa kwa idadi ya makala hizo. Katika biolojia ya seli miaka miwili ni muda mrefu. Kwa mwanahistoria, kitabu kilichomchukua miaka 8 huanza kujadiliwa vizuri mwaka wa tano baada ya kutoka, na vitabu havimo kwenye hesabu hiyo. Hata ndani ya sayansi namba hiyo huyumba: jarida moja la elimu ya fuwele lilipanda kutoka kiwango cha takriban 2 hadi karibu 50 mwaka 2009 kwa sababu ya makala moja tu, iliyoeleza programu ambayo kila mtu wa fani hiyo huitumia. Makala nyingine za jarida hilo hazikubadilika hata kidogo. Mwaka 2015 makala moja ya fizikia kuhusu uzito wa Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Wanahisabati huandika majina kwa alfabeti, kwenye biolojia jina la mwisho kwa kawaida ni la mkuu wa maabara, na katika historia mwandishi huwa peke yake. Kuwapanga watu hawa katika jedwali moja ni kupanga desturi za uchapishaji.

Orodha hizo pia zinawaumiza wanaofanya kazi ya polepole. Upimaji wa hewa ya kaboni huko Mauna Loa, Hawaii, ulianza mwaka 1958 kwenye sehemu 315 hivi kwa milioni. Kiwango hupanda na kushuka kila mwaka kwa kufuata majani, hivyo kipimo cha miezi michache kisingeonyesha lolote; sehemu 400 zilivukwa mwaka 2013. Mwaka 1988 mwanabiolojia Richard Lenski alianzisha chupa 12 za bakteria wa E. koli. Kila siku sehemu moja kati ya 100 ya kila chupa huhamishiwa kwenye chakula kipya, na bakteria huongezeka mara 100, yaani vizazi 6.6 hivi. Ilifika kizazi cha 31,500 hivi ndipo chupa moja, kati ya zote 12, ilipopata uwezo wa kula sitreti (kemikali iliyomo pia kwenye limau) mahali penye oksijeni, jambo ambalo bakteria hao kwa kawaida hawawezi. Mtu aliyetakiwa kutoa makala 3 kwa mwaka angekuwa ameimwaga chupa hiyo kitambo.

Tunachopendekeza kinaweza kuanza toleo lijalo, na hakina gharama. Chini ya kila habari ya utafiti wekeni kisanduku cha mistari minne: ni utafiti wa aina gani, ushahidi wake ni nini na kiasi gani (wagonjwa, hati, miezi ya kukaa na jamii), umepitiwa na wataalamu na kuchapishwa, au umetangazwa tu, nani aligharamia. Kwa tiba ongezeni namba halisi za makundi yote mawili. Kwa kura za maoni ongezeni maneno kamili ya swali na tarehe watu walipoulizwa. Kwa historia tajeni hati zinatunzwa wapi. Na makala mliyoiripoti ikiondolewa na jarida lililoichapisha, semeni hivyo katika ukurasa uleule ilipotokea, kwa herufi za ukubwa uleule.

Ni sisi wasomaji wenu,
Walimu wa mbinu za utafiti, sayansi na sanaa